Kuacha Vazi si Kulisahau

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Kila mjadala wa mavazi ya asili unapozuka shuleni, methali hii huwa ya kwanza kutajwa, na aghalabu anayelengwa ni kijana. Yafaa tuipime kwa mfano wa mbali: wakulima na mabaharia wa Denmaki.

Nchi hiyo haikuwa na vazi moja la taifa. Kila eneo lilikuwa na lake, na kila vazi lilieleza kazi na asili ya mvaaji. Kisiwani Fanø, wanaume walisafiri baharini, nao wake zao ndio walioshika jembe. Walivaa sketi kadhaa moja juu ya nyingine, wakajifunga vitambaa kichwani, na shambani walifunika uso kwa barakoa ili kujikinga na jua, upepo na mchanga. Huko Amager, jirani na Copenhagen, wazawa wa wakulima Waholanzi walioletwa na Mfalme Christian II katika miaka ya 1520 walidumisha mtindo wa kwao kwa karne nyingi. Katika nyanda za Hedebo, wanawake walitarizi kitani cheupe kwa uzi mweupe. Wanaume nao walivaa suruali zilizokomea magotini, soksi ndefu za sufu na vizibao ambavyo, kwa mwenye uwezo, vilikuwa na vifungo vya fedha. Utajiri wa mtu ulihesabika kifuani pake.

Hata hivyo, tusiyatazame mavazi hayo kwa macho ya sherehe tu. Kuanzia mwaka 1733 hadi 1788, sheria iliwazuia wanaume wa vijijini kuyahama mashamba ya mabwana walikozaliwa. Baada ya vifungo hivyo kulegezwa na kipato kuongezeka, mavazi yalizidi kunawiri. Kisha nyakati zikabadilika tena. Mwaka 1847 reli ilifunguliwa kati ya Copenhagen na Roskilde, na vitambaa vya viwandani vikaenea kwa bei nafuu. Wanaume, waliozoea safari za mjini, walitangulia kubadili mavazi. Wanawake wakafuata polepole. Hapo ndipo methali yetu inapopinduka: mababu waliyavaa mavazi hayo wakiwa wamefungwa na sheria, wajukuu wakayavua wakiwa huru.

Je, mila ilipotea? La. Bernhard Olsen alikusanya mavazi na vyombo vya wakulima, na mwaka 1885 makumbusho aliyoyaasisi yakafungua milango Copenhagen. Mwaka 1901 chama cha kuendeleza ngoma za kienyeji kiliundwa, na wanachama wake wakajifunza upya namna ya kushona na kuvaa. Lakini kazi hiyo ilikuwa na pengo. Nguo za kanisani na za harusi zilitunzwa sandukuni. Za kazi zilitiwa viraka hadi zikawa matambara. Hivyo ni rahisi kwa mtazamaji wa leo kudhani kwamba mkulima yule alishinda kutwa amevaa fedha.

Funzo liko wazi. Hapa Kenya, vazi la taifa lilizinduliwa mwaka 2004, lakini halikushika mizizi, kwa kuwa vazi halizaliwi kwa uzinduzi. Kumkemea mwanafunzi kwa sababu ya suruali yake nako hakuhifadhi chochote. Mwalimu na amtume kwa bibi yake akaulize: nguo hii ilitengenezwa na nani, ilifungwaje, ilivaliwa kwa kazi gani, na kwa nini iliachwa? Majibu yaandikwe, pamoja na jina la kijiji na mwaka.

Kizazi kina haki ya kuliacha vazi. Kinachokinyima kizazi kijacho haki yake ni kuliacha bila maelezo. Wanaoweza kuyatoa maelezo hayo wangali nasi, lakini hawatatungoja milele.