Kitanzi hakichagui shingo

Wahenga waliosema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo hawakukosea. Methali hiyo niliikariri shuleni ili nipite mtihani. Maana yake nilikuja kuijua likizo moja ya Agosti, nikiwa darasa la tano, nyumbani kwa nyanya yangu karibu na Kibwezi.

Mimi na binamu yangu tulikuwa tumechoka kula muthokoi. Tukachomoa waya wa breki kwenye baiskeli kuukuu ya mjomba, tukafanya kitanzi, tukakitega katika tundu la ua wa miiba ambamo sungura walipenya usiku kwenda kula kunde. Tulilala tukimeza mate. Kulipopambazuka tulimkuta Tomi, mbwa wa nyanya, amelala kando ya ua. Alikuwa amekufa. Nyanya hakutupiga. Alituagiza tuchimbe kaburi, akaketi kwenye kigoda akitutazama mpaka tukamaliza. Afadhali angetupiga.

Hivyo ndivyo kitanzi cha waya kinavyofanya kazi. Mwindaji hufunga ncha moja kwenye mti au gogo zito, kisha huning'iniza duara la waya katika njia ambayo wanyama hupitia kwenda kunywa maji. Mnyama hutia kichwa bila kuona kitu. Akihisi kuguswa, huenda mbele kwa nguvu, na kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokaza. Hauhitaji chambo, risasi wala mtu wa kuulinda. Mwenye kuutega anaweza kuwa amelala nyumbani, au amesahau kabisa alikoutega. Wenyewe hauchoki kungoja.

Mwindaji anaweza kuwa alimlenga digidigi au swala. Lakini njia ya maji ni ya wote. Twiga hunasa mguu, fisi na simba hunasa shingo, na ndama wa ndovu hunasa mkonga, kiungo anachokitegemea kula na kunywa. Wengine hukata waya wakaenda nao, kidonda kikioza miezi kadhaa.

Tangu mwaka 1999, vikosi vya Hazina ya Sheldrick vikishirikiana na askari wa KWS vimekuwa vikipita Tsavo kwa miguu, kichaka baada ya kichaka, kuokota nyaya hizo. Zilizokusanywa kwa miaka hiyo yote zimepita laki moja. Hebu fikiria, msomaji, laki moja za akina Tomi.

Usidhani jambo hili ni la Kenya pekee. Huko Marekani wafugaji wa kondoo hutega vitanzi vya waya kumnasa koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha wetu. Nao hutega wapi? Katika tundu lililo chini ya ua, pale pale tulipotega sisi! Kwa kuwa paa na mbwa wa watu walikuwa wakinaswa, baadhi ya majimbo yanataka kitanzi kiwe na kifungo kinachokatika mnyama mwenye nguvu zaidi akivuta, na mitego ikaguliwe kila baada ya muda uliowekwa. Katika jimbo la Colorado mwaka 1996, na California mwaka 1998, wananchi walipiga kura kuzuia sehemu kubwa ya mitego ya aina hii. Na koyote wamekwisha? Wapi! Siku hizi wanazurura hata katika jiji la Chicago.

Labda wewe unayesoma haya ukiwa Umoja au Buruburu unajiuliza yanakuhusu nini. Yanakuhusu kupitia sahani yako. Mwaka 2004 vipande vya nyama kutoka bucha za Nairobi vilipimwa, na takriban robo ilikuwa nyama ya porini, iliyouzwa kama ya ng'ombe au mbuzi. Nyama hiyo haijapita kwa mkaguzi, na mnyama wa porini anaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua watu. Tena uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkamata anayeua na anayeuza nyama hiyo, hata anayekutwa nayo. Kwa hiyo ukienda bucha, tazama muhuri wa mkaguzi kwenye paja lililoning'inizwa. Nyama ikiwa rahisi kupita kiasi, jiulize ilitoka wapi.

Sisemi kwamba anayetega hana shida. Wengi wana njaa kama tulivyokuwa na hamu ya nyama mimi na binamu yangu. Na mfugaji aliyeliwa mbuzi watatu kwa usiku mmoja hawezi kuambiwa apende wanyama, basi. Anahitaji njia nyingine.

Wanafunzi, sikilizeni hapa. Richard Turere alikuwa mvulana wa Kimaasai aliyechunga ng'ombe wa baba yake karibu na Mbuga ya Nairobi, na simba walikuwa wakivamia boma. Aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, kifaa kinachowasha na kuzima taa za pikipiki, balbu za tochi mbovu na paneli ya jua, akazungusha boma taa zinazomulika kwa zamu usiku kucha. Simba wakadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Mwaka 2013, akiwa angali mwanafunzi, alialikwa California kuueleza ulimwengu uvumbuzi huo.

Yeye na sisi tulikuwa watoto, na sote tulikuwa na vyuma chakavu mikononi. Tofauti ni kile tulichofanya navyo.

Likizo ijayo, watoto wako wakienda ushago, usiwaambie tu wasicheze karibu na mto. Waambie pia juu ya waya. Wakiuona umening'inia njiani, wasiuguse wala wasicheke. Wamwite mtu mzima autoe na kutoa habari kwa askari wa wanyama. Huenda wakaokoa ndama wa ndovu. Huenda pia wakaokoa mbwa wa nyanya yao.