Taya Linapogoma Kufumbuka

Mtu akiweka kidole mbele kidogo ya sikio na kufumbua kinywa, atahisi mfupa ukicheza. Hapo taya la chini huungana na fuvu, na katikati kuna kisahani cha gegedu kizuiacho msuguano. Kikiteguka, kiungo hualika wakati wa kutafuna. Pengine kinywa hugoma kufumbuka. Mtu mzima mwenye afya huweza kuingiza vidole vyake vitatu, vimepangwa wima, baina ya meno ya mbele. Asiyeweza na akaonwe na daktari.

Isidhaniwe kwamba kila maumivu ya taya yataka kisu. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu kwa chakula laini, kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto na dawa za kutuliza maumivu. Wapasuliwe wale ambao miezi imepita bila mafanikio, na picha zimeonyesha kasoro ndani ya kiungo chenyewe.

Njia iliyo nyepesi ni kukiosha kiungo. Baada ya ganzi, sindano mbili huingizwa. Maji safi ya chumvi hupita katika moja na kutokea katika nyingine, yakikilegeza kisahani kilichonata. Njia hii ilielezwa na Dorrit Nitzan na wenzake mwaka 1991. Kupasua wazi mbele ya sikio ni jambo zito zaidi, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya uso hupita karibu. Ikijeruhiwa, nyusi na kope zaweza kulegea.

Wapo wanaosifu kiungo cha bandia kana kwamba ni spea ya baiskeli. Nchini Marekani, vipandikizi vya Teflon vilivyotumiwa katika miaka ya 1980 vilimomonyoka na kuharibu mifupa ya wagonjwa, hata serikali ikatoa tahadhari mwaka 1990. Vya leo, vya metali na plastiki ngumu, ni bora, lakini ni ghali mno.

Linalowahusu wazazi hasa ni la mtoto aliyeanguka kwa kidevu. Mfupa waweza kuvunjika ndani pasipo jeraha kubwa, kisha ukashikana na fuvu. Kinywa kikafungika, kidevu kikadumaa. Hapo hapana dawa ya kunywa. Mfupa ulioshikana hukatwa, na pengine kipande cha ubavu wa mtoto mwenyewe huwekwa mahali pake. Kinachofuata ni kazi ya mama na baba: kumfanyisha mazoezi ya kufumbua kinywa kila siku, kwa miezi mingi, ingawa atalia. Yakiachwa, mfupa hushikana tena.