Zawadi inayokutaka utume kwanza si zawadi

Nilimkuta kwenye benchi la kliniki ya presha jijini Dar es Salaam, nikiwa nimekwenda kuandika habari nyingine kabisa. Muuguzi alikuwa amempima mara mbili na hakuridhika na namba alizoziona.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Na usingizi?"

Hapo akanyamaza. Muuguzi alipoitwa chumba cha pili, mama yule akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tatizo langu mimi si chumvi. Nimepigwa."

Ameniruhusu nisimulie, mradi nisimtaje jina. Ana miaka 52, anauza vitenge na ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake wa mtaani kwake. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu. Mtoto wao wa mwisho yuko kidato cha tatu.

Usiku mmoja, akiwa anapitapita kwenye simu, alikutana na video iliyoonekana kuwa mubashara. Tajiri Elon Musk alikuwa akizungumza jukwaani. Chini ya picha kulikuwa na maelezo: kusherehekea mafanikio ya kampuni, tajiri huyo anagawa sarafu za kidijitali. Ukituma kiasi chochote, unarudishiwa mara mbili. Pembeni saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma, na watu wakiandika mfululizo kwamba wamepokea, asante, Mungu ambariki.

Hajui sarafu za kidijitali zinanunuliwaje. Lakini chini ya video kulikuwa na namba ya WhatsApp, na aliyejibu aliandika Kiswahili safi, tena kwa adabu: "Shikamoo mama. Usihangaike, wewe nitumie kwa simu, mimi nitakununulia."

Alianza na Sh50,000, kujaribu. Dakika chache baadaye kwenye tovuti aliyoelekezwa akaona jina lake na Sh100,000. Akatuma Sh700,000: nusu ada ya mtoto, nusu fedha ya kikoba. Ikasomeka Sh1.4 milioni. Alipotaka kutoa, akaambiwa alipe kwanza kodi ya Sh120,000. Akakopa kwa jirani, akalipa. Baada ya hapo namba ile haikupatikana tena.

Wiki mbili baadaye alipigiwa na mtu mwingine aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni. Alitaka Sh80,000 za kufungua jalada. Mama akalipa na hizo. Jumla Sh950,000.

Kwa wiki sita hakumwambia mtu.

Mtego ni mmoja, nguo ndizo nyingi

Ukiondoa maneno mageni, hakuna kipya hapa. Ni ndugu wa ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka pia DECI, ambako watu "walipanda mbegu" wakisubiri kuvuna zaidi, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Kilichobadilika ni vazi. Leo mtego umevaa suti ya tajiri wa Marekani.

Kwanza, video. Mara nyingi ni mahojiano ya zamani yanayorudiwa yaonekane ya leo. Siku hizi, kwa kutumia akili mnemba, sauti na midomo vinaweza kutengenezwa ili mtu aonekane akisema asichokisema. Wale wanaoshukuru chini ya video ni matapeli wenyewe, au akaunti zinazoendeshwa na kompyuta.

Pili, kiasi kinachoongezeka kwenye tovuti. Ile ni picha tu. Aliyeitengeneza anaweza kuandika Sh100,000 au Sh100 milioni, haimgharimu kitu. Fedha yako ni ile iliyoingia kwenye simu yako au benki yako. Na hata ukirudishiwa kidogo mara ya kwanza, hicho ni chambo.

Tatu, saa inayohesabu. Kazi yake ni kukuzuia usiulize mtu. Ukipata nusu saa ya kumwonyesha mwanao au mdogo wako, mchezo umeharibika.

Usidhani wanaonaswa ni mama wauza vitenge peke yao. Tarehe 15 Julai 2020, akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates, Elon Musk na wengine ziliandika ahadi ya namna hiyohiyo: tuma bitcoin, nitakurudishia mara mbili. Zile hazikuwa akaunti za kuiga. Zilikuwa zao halisi, zenye alama ya kuthibitishwa, ila zilikuwa zimetekwa baada ya matapeli kuwahadaa wafanyakazi wa Twitter kwa simu. Kwa saa chache watu walituma zaidi ya Dola 100,000 za Marekani. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo kijana wa miaka 17 wa jimbo la Florida.

Mwaka uliofuata, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilieleza kuwa ndani ya miezi sita tu watu waliripoti kutuma zaidi ya Dola milioni mbili kwa matapeli waliojifanya Elon Musk. Hao ni walioripoti.

Kwa hiyo kuuliza "huyu ni yeye kweli?" hakutoshi. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mtu anayetaka kunipa fedha anataka nimpe yeye kwanza? Bibi akikupa kuku hakuombi kwanza umletee jogoo. Zawadi inayokutaka utume kwanza si zawadi, hata ikitangazwa na rais.

Hatari isiyoonekana

Fedha ikitumwa kimakosa kwa simu, ukiwahi kupiga huduma kwa wateja upo uwezekano ikazuiwa. Sarafu za kidijitali hazina mlango huo. Muamala wa bitcoin ukishathibitishwa haurudi nyuma, na hakuna ofisi ya bitcoin ya kupiga simu.

Nchini, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwakumbusha wananchi kuwa fedha halali ni Shilingi ya Tanzania, na kuwatahadharisha kuhusu sarafu hizi. Usitarajie benki ikulipe fidia.

Kwa vijana wenye pochi za kidijitali kuna mtego wa pili. Anayegawa zawadi atakuomba yale maneno 12 au 24 ya siri ya kufungulia pochi, au akutake uiunganishe na tovuti yake na ubonyeze kukubali. Maneno yale ni ufunguo wa nyumba nzima. Ili mtu akutumie kitu anahitaji anwani yako tu, kama anayekutumia fedha kwa simu anavyohitaji namba yako. Hahitaji namba yako ya siri.

Ukishatuma, fanya haya

Acha kutuma. "Kodi", "ada ya kutolea" na "gharama ya kufungua akaunti" ni wizi uleule unaoendelea. Kama ulilipa kwa simu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

Usifute chochote. Piga picha ya mazungumzo, namba, majina yaliyotokea wakati wa kutuma na anwani ya tovuti. Peleka polisi ukachukue RB. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa meseji utume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Na atakayekupigia akisema anaweza kuirudisha fedha yako kwa malipo kidogo, mkatie simu. Mara nyingi ni walewale, au wameuziwa namba yako na walewale. Wanajua tayari kwamba umeumia na unatafuta pa kushika.

Aibu ndiyo inayowalinda

Nimezoea kuandika kuhusu sukari, presha na chanjo. Nilichojifunza kwa mama huyu ni kwamba wizi wa aina hii nao unaingia mwilini. Alikuwa halali. Alikuwa anakula mara moja kwa siku. Dawa, alikuja kukiri, alikuwa akiziruka siku nyingine kwa kuwa "kichwa hakipo." Kila simu ikiita alidhani ni wanachama wa kikoba.

Na ndani ya ukimya huohuo ndipo yule mtu wa Sh80,000 alipopita. Angekuwa amemwambia japo mtu mmoja, huenda mtu huyo angemzuia.

Ndiyo maana naliandika hili kwenye ukurasa wa familia. Tapeli anategemea maneno ambayo sisi wenyewe tutasema nyumbani: "Na wewe na umri wako?", "Tamaa hiyo!", "Si nilikwambia uache kushikashika simu?" Mtu akijua hayo ndiyo yanayomsubiri, atanyamaza na kujaribu kuirudisha fedha peke yake, na atapigwa tena.

Wewe kijana, kaa na mama, baba au shangazi yako kabla hawajatuma. Waonyeshe mojawapo ya video hizo, waambie inavyotengenezwa. Mkubaliane jambo moja la nyumbani: ofa yoyote ya fedha inayokuja kwa simu inalala usiku mmoja na inaonwa na mtu wa pili kabla ya kutuma hata shilingi. Na ukiambiwa tayari imetokea, swali la kwanza liwe "umetuma lini?" kwa sababu huenda bado kuna muda. Ya tamaa yataongelewa baadaye, kama kuna haja.

Mama yule alianza kwa kumwambia wifi yake. Wifi ndiye aliyekaa naye siku mume aliporudi safari. Mume alikasirika na siku mbili hakusema naye. Siku ya tatu walikwenda pamoja polisi kuchukua RB, kisha wakaenda kwa mwenyekiti wa kikoba, wakaeleza na kupanga kulipa kidogo kidogo. Wanachama wawili, baada ya kusikia, walisema na wao walishatumiwa video ileile. Mmoja alikuwa ameshaweka fedha kwenye simu, tayari kutuma.

Fedha haijarudi, na sitamdanganya msomaji kwamba itarudi. Ada bado wanaidaiwa shuleni. Lakini nilipompigia wiki hii kumsomea makala haya, aliniambia dawa anameza kila siku na usiku analala.

"Andika," akasema. "Ila waambie wasingoje wiki sita kama mimi."