LORI REFU LAONEWA!
Na Katibu wa Midahalo, Kidato cha 3

Najua ukurasa unaoutafuta ni ule wa mashairi, lakini keti hapa kidogo nikutolee dukuduku lililonikaa rohoni tangu muhula wa pili.

Kile kidaraja cha korongoni sote twakijua. Ndicho tunachovuka tukitoka Naivasha kwa matatu, na mvua ikinyesha huko Eburru maji huteremka hapo kwa kishindo. Basi kidaraja hicho kilibomoka mwezi wa sita. Lori lililoleta mahindi ya shule likasimama ng'ambo, nasi watu wa bweni tukageuka punda: nusu gunia mgongoni, matope magotini, mwalimu wa zamu akitupigia filimbi kama refa. Githeri ya wiki hiyo ilipimwa kwa kijiko. Aliyekuwa bweni hahitaji kukumbushwa.

Likaitwa baraza. Mzee mmoja akasimama, akakohoa, akasema chanzo cha balaa ni haya malori marefu yanayoingia Ndabibi siku hizi, na dawa yake ni kuchimbia vyuma viwili pale kwenye kona ili gari refu lishindwe kupinda. Watu wakapiga makofi. Nami nilikuwapo, nyuma kabisa, nimemshikia nyanya kikapu chake. Sikupiga makofi.

Nikiri mapema: nina maslahi. Mjomba wangu huendesha lori refu la nyasi, na karo yangu hutoka kwenye usukani huo. Ukitaka, sema natetea unga wangu. Lakini wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Daraja halikubomolewa na lori refu. Lilibomoka chini ya tipa fupi, la ekseli tatu, lililojaa mchanga mbichi hadi ukamwagika pembeni. Tulilikuta limeinamia korongoni kama ng'ombe anayekunywa maji. Mwenyewe simtaji, lakini hakuna aliyelisema baraza zima, eti kwa sababu lile ni "gari dogo".

Sasa tuelewane kwanza. Ninaposema lori refu sizungumzii bodi peke yake. Nazungumzia ule umbali kutoka tairi za mbele hadi tairi za nyuma. Mjomba huuita "hatua ya gari", nami sijapata neno zuri zaidi. (Wanachama wapenda istilahi waniletee lao.) Kuna gari la hatua fupi na gari la hatua ndefu, na kila moja lina kazi yake.

Chukua nyasi zetu. Robota moja lina kama kilo 15 hivi. Panga marobota 400 juu ya lori, yafungwe kwa kamba, yawe mlima unaokaribia kugusa nyaya za stima. Hiyo ni tani 6 tu! Uzito si kitu, kinachotafutwa ni nafasi. Ndiyo maana mafundi wa jua kali hukata chesisi na kuirefusha, wakaongeza na propela ya kufikia difu iliyosogezwa nyuma. Nilimwuliza mjomba, "Mbona wasirefushe bodi tu, wakaacha tairi zilipo?" Akacheka. Akaniambia bodi ikining'inia sana nyuma ya tairi, mzigo huwa kama mtoto mnene upande mmoja wa bembea: nyuma inashuka, mbele inainuka. Ukipanda mlima, usukani unakuwa mwepesi, unazungusha na gari haligeuki. Nilimwamini. Likizo ya Agosti nilipanda naye kama utingo, na kwenye mashimo ya barabara ya ziwani lori lile lilituyumbisha polepole kama mashua, ilhali pikapu ya mbele yetu ilikuwa ikiruka kama chura. Hatua ndefu hupunguza kurushwarushwa. Bila shaka chesisi iliyoungwa vibaya hukunjika, na fundi wa kubahatisha ni hatari. Hilo ni la fundi, lisiwekewe urefu.

Haya, turudi darajani, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu mizigo ya magari haipimi gari zima tu. Hupima kila kundi la ekseli. Ekseli ya usukani isizidi tani 8. Ekseli mbili zilizoandamana nyuma, tani 18. Tatu zilizoandamana, tani 24. Gari zima, hata liwe na tairi ngapi, lisizidi tani 56. Hayo ndiyo yanayotazamwa pale mizani ya Gilgil mkiona malori yamepanga foleni.

Piga hesabu nami. Tipa la ekseli tatu likiwa halali ni 8 na 18, jumla tani 26. Trela la ekseli sita ni 8, na 18 za kichwa, na 24 za nyuma, jumla tani 50. Mtu akisikia 50 na 26, mara moja anasema trela ndilo adui. Subiri! Kidaraja chetu kina kama mita 5 na nusu. Tipa linakaa juu yake lote, mbele na nyuma, tani 26 kwa mpigo. Trela je? Kichwa kikiwa darajani, yaani zile 26, ekseli za nyuma bado ziko barabarani. Zinapofika darajani zile tatu za nyuma, tani 24, kichwa kimeshavuka kiko ng'ambo. Kwa hivyo trela la tani 50 halikipi kidaraja chetu mzigo unaozidi ule wa tipa la tani 26. Siri ni ule mwanya uliopo kati ya tairi na tairi. Na hapo nimehesabu tipa lililo halali. Lile la mwezi wa sita halikuwa halali hata kwa macho ya mtoto wa chekechea.

Wamarekani waliliandikia jambo hili sheria mwaka 1974. Hesabu yao ya madaraja inasema hivi: kadiri ekseli zinavyoachana, ndivyo unavyoruhusiwa kubeba zaidi. Lori lao la kawaida la ekseli tano hufikia kama tani 36, na ili lifike hapo, kutoka ekseli ya kwanza hadi ya mwisho pawe na karibu mita 15 na nusu. Hii ni sababu mojawapo ya yale malori ya sinemani, Kenworth na Peterbilt, kuwa na pua ndefu na chesisi iliyo wazi nyuma ya kebini, mpaka unadhani kuna mtu alisahau kuweka kitu hapo. Sababu nyingine ni ya 1982. Kabla ya mwaka huo majimbo mengi yalipima gari zima, pua hadi mkia, kwa hivyo wenye malori walipenda vichwa bapa ili urefu wote ubaki kwenye mzigo. Sheria ya 1982 ikasema kwenye barabara kuu majimbo yasipime tena urefu wa jumla, yapime trela tu. Pua zikarudi! Dereva akapata chumba cha kulala na kiti kisichokaa juu ya tairi za mbele. Na maringo yapo, tusidanganyane. Mwanadamu hupenda gari linalong'aa.

Kwetu pua ndefu hizo ni nadra kwa sababu sheria hupima gari zima. Ulaya, yanakotoka malori yetu mengi, ni hivyo hivyo: trela na kichwa chake visizidi mita 16 na nusu. Kila futi ya pua ni futi iliyoibwa kwenye mzigo. Kwa hivyo dereva wetu amekaa juu ya tairi, hatua ya kichwa chake ni fupi, na mgongo unamwuma. Ajabu ni kwamba lile jitu la Marekani linaloogopesha hubeba uzito mdogo kuliko trela letu bapa.

Sitaki kuwa wakili mwongo. Gari la hatua ndefu lina ubaya wake, na mzee wa baraza hakukosea kila kitu. Likipinda, tairi za nyuma hazifuati za mbele; hukata kona kwa ndani. Ule ua wa kayaba wa mwenye duka pale kwenye kona umekanyagwa mara mbili, na mara ya pili mtoto alikuwa amesimama hapo dakika chache kabla. Hilo si mchezo. Hata kule Mai Mahiu, kwenye ile barabara iliyojengwa na wafungwa wa Kitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, trela refu likikosea kona wote hulala njiani. Kona yetu ipanuliwe basi, na duka liwekewe mawe ya kulilinda. Lakini vyuma vya kuzuia urefu vitafanya nini? Vitazuia nyasi za tani 6 na kuruhusu mchanga wa tani 30!

Tena uzito huu haupandi kwa ngazi zilizo sawa. Wamarekani walijaribu huko Illinois kati ya 1958 na 1960, wakaendesha malori juu ya barabara za majaribio usiku na mchana mpaka zikavunjika. Waligundua kwamba ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, madhara huzidi kama mara 16. Ukisoma hivyo, halafu ukaangalia mitaro iliyo mbele ya lango la shule, unamjua mchimbaji wake.

Mtasema Ndabibi hatuna mizani. Kweli, na tipa la hapa hapa halipiti Gilgil ng'o. Lakini tipa lina bodi, na bodi ina urefu, upana na kina. Hesabu hiyo tuliimaliza shule ya msingi. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliolowa ina karibu tani 2. Tipa la ekseli tatu likiwa tupu lina kama tani 11, kwa hivyo limebakiza 15, yaani mita 7 na nusu za ujazo. Chora mstari wa rangi ndani ya bodi mahali hapo. Mchanga ukipita mstari, rudi ukapunguze. Hata mama muuza ndizi pale darajani angeweza kuwa askari wa mizani.

Kidaraja kimetengenezwa, na simiti bado ina rangi mpya. Vyuma havijachimbiwa; mzee alisema baraza litakaa tena Januari kuamua. Nimeshamwomba mwalimu wa hisabati aniazime futi yake ya kamba. Amesema atafikiria, nikirudisha ile bikari.