Kinu cha nyuklia hakiwashwi na viporo

Ndugu zangu vijana, tangu Julai 2025, Rais Samia alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani pale Mto Mkuju, Namtumbo, mjadala kwenye makundi yetu umepamba moto. Wako wanaosema nyuklia ni kifo, tuikatae kabisa. Wako wanaosema nchi yenye urani haiwezi kuendelea kulia mgao, tujenge kinu chetu hata kesho. Kila mmoja anataka chama kitoe msimamo: ndiyo au hapana.

Mimi naona swali hilo tumeliuliza mapema mno, na lingine tunachelewa kuliuliza. Lenyewe ni hili: siku mtambo umekamilika, majaribio mawili matatu bado hayajapita, na mheshimiwa keshapangiwa tarehe ya kukata utepe, ni nani nchi hii mwenye mamlaka ya kusema "hauwashwi" na akarudi nyumbani salama na kazi yake?

Kama hatuna jibu la swali hilo, basi mjadala wa nyuklia ndiyo au hapana ni kupoteza bando.

Kwanza tuelewane jinsi kinu kinavyowashwa. Si kama jenereta ya dukani, unavuta kamba inanguruma. Mafundi huanza na majaribio ya baridi, kuangalia mabomba kama yanahimili shinikizo la maji. Halafu majaribio ya moto, ambapo mfumo wote unapashwa joto bila fueli ya nyuklia. Vikipita, ndipo fueli inapakiwa, kinu kinawashwa kwa nguvu ndogo sana, kisha kinapandishwa ngazi kwa ngazi hadi asilimia 100. Kila ngazi ina orodha yake ya majaribio, na kila orodha huacha mambo ambayo hayajakaa sawa. Bomba linatetemeka kuliko ilivyotarajiwa. Vali inachelewa kufunga. Pampu ina mlio usioeleweka.

Hivyo ndivyo viporo. Na si vyote vina uzito sawa. Rangi ya ukuta haijakauka, hicho kiporo kinaweza kusubiri. Vali ya usalama haifungi sawasawa, hicho hakisubiri hata siku moja. Kiporo cha aina hiyo unarekebisha na kujaribu upya, au unathibitisha kwa hesabu zilizoandikwa na kusainiwa kwamba hakina madhara, au unakataza mtambo usipande zaidi ya nguvu fulani mpaka kiishe. Njia ya nne, ya kusaini makabidhiano na kuahidi kwamba "tutamalizia huko mbele", ndiyo iliyoua watu.

Tukumbushane Chernobyl. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba wafanyakazi wa zamu walizembea, kinu kikalipuka, basi. Kisa hakikuanza usiku ule.

Kinu cha nyuklia ukikizima bado kinabaki na joto kali, kwa hiyo lazima pampu ziendelee kuzungusha maji. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta za dizeli zinachukua kazi. Shida ni kwamba pale Chernobyl dizeli zile zilihitaji takribani dakika moja kufikia nguvu ya kutosha. Wabunifu wakasema pengo hilo litazibwa na turbaini yenyewe: hata mvuke ukikatwa, itaendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki na kutoa umeme wa kusukuma pampu kwa muda huo mfupi. Wazo zuri, lakini lilitakiwa kuthibitishwa kwa jaribio kabla kinu hakijaanza kazi.

Kinu namba 4 kiliingizwa kazini Desemba 1983. Jaribio lile halikuwa limepita. Kituoni hapo walishajaribu mwaka 1982 ikashindikana. Wakajaribu tena 1984, wakajaribu 1985, bado. Kiporo cha kabla ya kuwasha kikawa kinabebwa mwaka hadi mwaka, huku kinu kinazalisha umeme na taarifa zinasoma kwamba mambo yako vizuri.

Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Aprili 1986 walikuwa wanajaribu kukimaliza. Kazi ilipangwa kufanyika mchana, lakini msimamizi wa gridi kule Kiev akasema umeme unahitajika, subirini. Wakasubiri kwa saa kadhaa, na jaribio likaangukia mikononi mwa zamu ya usiku. Nguvu ya kinu ikaporomoka hadi megawati 30 za joto, wakati mpango ulisema isishuke chini ya 700. Wakaipandisha kwa taabu hadi 200, na bado wakaendelea. Saa 7 na dakika 23 usiku jaribio likaanza. Halikufikisha hata dakika moja kabla kitufe cha dharura hakijabonyezwa, na sekunde chache baadaye kinu kikalipuka.

Na hapo kuna kiporo cha pili, kibaya kuliko cha kwanza. Mwaka 1983, wakati wa kuwasha kinu cha aina hiyohiyo kule Ignalina, Lithuania, majaribio yalionyesha kwamba fimbo za kudhibiti zinaposhuka kuzima kinu, kwa sekunde za mwanzo zinaweza kuongeza nguvu badala ya kuipunguza, kwa sababu ya grafiti iliyokuwa chini yake. Jamani, hebu fikiria breki ambayo ukiikanyaga gari linaongeza mwendo kwanza. Waliokuwa Ignalina waliona. Wabunifu wakuu walijua, na wakavitaarifu vituo vingine kwamba hatua zitachukuliwa. Hazikuchukuliwa. Miaka miwili na ushee baadaye, kitufe cha dharura kilipobonyezwa Chernobyl, breki ikafanya kile ambacho majaribio ya kuwasha yalishawaonyesha wakubwa.

Aliyekuwa amekaa kwenye usukani wa kinu usiku ule ni Leonid Toptunov. Alikuwa na miaka 25. Umri wetu huu huu. Juu yake kulikuwa na mkuu wa zamu, na juu ya mkuu wa zamu kulikuwa na naibu mhandisi mkuu aliyetaka jaribio liishe usiku huohuo. Toptunov alikufa kwa mionzi mwezi Mei, hospitalini Moscow. Agosti 1986 wakubwa wakaenda Vienna kuieleza dunia kwamba kosa ni la waliokuwa zamu. Ilipofika 1992, wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliandika upya ripoti, wakakiri kwamba ubunifu wa kinu na utamaduni wa kuficha kasoro vilikuwa na mchango mkubwa.

Hivi hilo si tunalijua hapa kwetu? Kikiharibika, analaumiwa kijana wa chini. Kikifanikiwa, pongezi zinapanda juu.

Sasa nitoe mfano wa upande wa pili, maana sitaki mtu aseme upinzani unajua kutisha watu tu.

Finland walianza kujenga kinu cha Olkiluoto namba 3 mwaka 2005, wakitegemea kiwashwe 2009. Kikachelewa, gharama zikapaa, wakawa kichekesho cha Ulaya. Walipofika kwenye majaribio ya moto, bomba moja kubwa kwenye mfumo wa shinikizo likaonekana linatetemeka kupita kiasi. Hawakupakia fueli kwa matumaini kwamba litatulia lenyewe. Walitafuta dawa ya mtetemo kwanza, na fueli ikaingia mwaka 2021. Kinu kikaunganishwa kwenye gridi Machi 2022, kikiwa bado kwenye majaribio.

Halafu Oktoba 2022 wakakuta nyufa kwenye impela za pampu za maji, ile sehemu inayozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji. Pampu zote nne zilikuwa na nyufa. Angalia muda wenyewe: Urusi ilishakata kuwauzia umeme tangu Mei mwaka huo, baridi kali inakuja, na wasimamizi wa gridi walishawaonya wananchi wajiandae na uwezekano wa mgao. Kama kuna nchi iliyokuwa na kisingizio cha kusema "tuwashe hivihivi, tutarekebisha kiangazi", ni Finland ya mwaka ule. Walikaa chini, wakachunguza chanzo, wakabadilisha impela, wakasogeza tarehe tena. Uzalishaji wa kawaida ulianza Aprili 2023, miaka 14 baada ya tarehe ya mwanzo.

Kwa nini waliweza? Wafini nao wana wanasiasa wanaopenda utepe kama wetu. Tofauti ni mpangilio. Mamlaka yao ya usalama wa mionzi, STUK, haiko chini ya wizara inayotafuta umeme, iko chini ya Wizara ya Jamii na Afya. Anayekagua hana sifa ya kupata kinu kikiwaka, na hana cha kupoteza kikichelewa.

Turudi nyumbani. Sisi tuna Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Watu wake wanafanya kazi nzuri ya kukagua mionzi mahospitalini, migodini na kwenye vyakula, hilo silipingi. Tatizo liko kwenye sheria yenyewe: chombo hichohicho kimepewa kazi ya kudhibiti matumizi ya nyuklia na kazi ya kuyahamasisha. Yaani mwamuzi huyohuyo ndiye mshangiliaji. Kwa mashine ya eksirei unaweza kuvumilia. Kwa kinu cha megawati mia kadhaa, haivumiliki. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 unasema wazi kwamba anayedhibiti atenganishwe na anayeendeleza. Kenya walilifanya hilo mwaka 2019: wakala wa kuendeleza nyuklia mbali, mamlaka ya udhibiti mbali. Kwenye karatasi angalau wametutangulia.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya mbali. Wakenya wamekuwa wakitafuta eneo, kwanza Uyombo kule Kilifi ambako wananchi waligoma, kisha macho yakaelekezwa Siaya, kando ya ziwa letu sote. Waganda wanaitaja Buyende. Mwaka 1986 Wasweden walijua kuna ajali pale vipima mionzi vya kituo chao cha Forsmark vilipolia, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Chernobyl, wakati Moscow bado imekaa kimya. Mionzi haipiti kwenye geti la Namanga kugonga muhuri.

Kuna hoja nitakayoletewa hapa, na ni hoja ya haki: maskini hana anasa ya kusubiri miaka 14. Kila mwezi wa kuchelewa ni mkopo unaozaa riba, ni kiwanda kisichofunguliwa, ni mama mwenye saluni anayewasha jenereta kwa mafuta ya bei mbaya. Nakubali. Lakini Chernobyl iliwahishwa, na mwisho wake watu wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat walipandishwa mabasi tarehe 27 Aprili wakiambiwa ni siku chache tu. Hawakurudi mpaka leo. Riba ya mkopo inalipika. Mji huo haulipiki.

Tena kwetu tunaujua ugonjwa wenyewe. Ni nani hajaona mradi wa maji unaozinduliwa kwa mbwembwe, bomba linatoa maji mbele ya kamera, Mwenge ukiondoka na maji yanaondoka? Kwa maji tunarudi kwenye ndoo na maisha yanaendelea. Tabia hiyohiyo tukiipeleka kwenye nyuklia, hakuna ndoo ya kurudia.

Kwa hiyo napendekeza ngome yetu ya vijana ipeleke mambo manne kwenye vikao vya chama, yaingie kwenye ilani.

La kwanza, sheria itenganishe mdhibiti na mhamasishaji kabla ya mkataba wowote wa kinu kusainiwa, na mdhibiti huyo asiwe chini ya Wizara ya Nishati. Bosi wake asiondolewe kwa simu ya usiku.

La pili, orodha ya viporo vya majaribio iwe ya wazi. Kila kiporo, uzito wake, nani anakishughulikia, na kimefungwaje. Kamati ya Bunge iione, waandishi waione, wananchi wanaoishi jirani waione kwa Kiswahili kinachoeleweka.

La tatu, marufuku kutangaza tarehe ya uzinduzi kabla mdhibiti hajasaini kwamba majaribio yote ya usalama yamepita. Tarehe ikishachapishwa kwenye mabango, hakuna mhandisi anayesikilizwa tena.

La nne, mfanyakazi yeyote anayesema "jaribio halijapita" alindwe kweli. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015. Muulize mtumishi yeyote wa umma kama anaiamini, atacheka.

Na niseme hili kwa makamanda wenzangu bila kuuma maneno: siku tukishika dola, utepe utakuwa wetu. Sisi ndio tutakuwa na haraka ya kuonyesha wananchi kwamba tumeweza. Kwa hiyo sheria hizi tuziandike zikiwa kali kiasi cha kutubana wenyewe. Chama kinachomwogopa mdhibiti huru kikiwa upinzani, kitamfukuza kikiwa Ikulu.

Kuna kijana wa Kitanzania leo yuko darasani anasoma uhandisi, pengine atakuja kukaa kwenye chumba cha udhibiti cha kinu cha kwanza nchini. Siku moja, saa 7 usiku, ataona namba zisizokaa sawa na bosi wake atamwambia endelea. Tunayoyadai leo ndiyo yatakayoamua kama ataweza kusema hapana.