Kabla Hujakata Springi, Fika Lionja

Kuna homa imeingia mjini, na unaisikia kabla hujaiona. Kijana anajibana mwaka mzima, anapata kagari kake ka zamani ka spoti: Celica, MR2, au Mazda MX-5 iliyokwisha kuzeekea Japani. Hela inayobaki inaishia kwenye ringi, egzosi ya kelele na stika. Halafu anaitwa fundi mwenye grainda, springi zinakatwa, gari linachuchumaa kama kuku anayetaga. Ukimuuliza, jibu ni hilo hilo: "Nimeliseti kwa ajili ya resi."

Resi ya wapi, ndugu yangu?

Ndilo swali langu leo, na siulizi kwa kejeli. Mimi mwenyewe nayapenda haya magari na naamini Bongo tungeweza kuwa na mchezo wa maana na wa bei ya chini kwa kutumia magari madogo ya zamani. Lakini kukata springi si kuliandaa gari kwa mashindano. Ni kuliandaa kwa picha. Gari la mashindano huandaliwa kwa ajili ya ardhi litakayokimbilia, na ardhi yetu, tukubali tukatae, sehemu kubwa inafanana na ya Lionja.

Kwa wale ambao somo la jiografia ya kusini liliwapita pembeni, Lionja ni kata ndani ya wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Ni nchi ya korosho na ufuta. Siitaji kwa sababu ni makao ya mbio za magari. Naitaja kwa sababu ukishatoka kwenye lami na kuingia njia za vumbi za huko, kiangazi unakuta mawimbi yaliyojipanga kama bati, na masika unakuta tope na mifereji iliyochimbwa na maji. Gari lako lililochuchumaa halitafika mbali. Litakaa juu ya tumbo lake, tairi zikizunguka hewani, na watoto watakuja kulishangaa.

Na jamani, si mara ya kwanza Nachingwea kushuhudia mashine zilizopangwa mezani mbali na ardhi yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na mabuldoza, wakageuza hata vifaru vya Sherman vya vita kuu kuwa matrekta. Walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Kitu walichokifanya kwa haraka mno ni kuisoma ardhi yenyewe. Kule Kongwa udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji na ukila vyuma. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, paundi milioni 36 hivi zimekwenda na maji, na miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mashine zilikuwa na nguvu ya kutosha. Hazikuwa zimeandaliwa kwa mahali pale.

Sasa tuangalie waliofanya vizuri, tena hapa hapa kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na Lofty Drews kwa gari la aina ile ile. Datsun 240Z ni gari la spoti hasa, lenye milango miwili na uzito wa tani moja hivi. Kwa macho ya mjini ni gari la kutembelea ufukweni Jumapili. Lakini magari yale hayakuja Safari yakiwa yamechuchumaa. Yaliinuliwa, yakaimarishwa, yakawekewa bamba la kukinga injini chini.

Mfano mzuri zaidi ni Porsche 911. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili nyuma ya Joginder Singh, aliyekuwa na kigari kidogo cha Mitsubishi Colt Lancer. Mwaka 1978 kiwanda cha Porsche kikaleta 911 SC zilizoinuliwa hadi zikawa na sentimita 28 kutoka ardhini. Sentimita 28! Ni karibu rula nzima ya shule. Vic Preston Junior akamaliza wa pili, Waldegård wa nne. Wahandisi wa Stuttgart, wenye viwanja laini vya kila aina kwao, walipokuja Afrika Mashariki waliliinua gari. Sisi tulioizaliwa ardhi hii tunalishusha.

Hadithi haikuishia hapo. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, ile inayoitwa East African Safari Classic. Waldegård alishinda mwaka 2011 kwa Porsche 911, na Stig Blomqvist mwaka 2015, naye kwa 911. Halafu mwaka 2017 Mkenya Carl Tundo na mwenzake Tim Jessop wakazishinda Porsche zote kwa Triumph TR7, kagari ka Kiingereza ambako uzalishaji wake ulikoma mwaka 1981. Kwa hiyo anayesema gari dogo la zamani haliwezi, aulize kwanza.

Haya, tuingie gereji. Springi iliyokatwa ina ubaya gani?

Kwanza, springi fupi ni springi ngumu. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata mmoja, zikabaki 5, ugumu wake umepanda kwa asilimia 20. Pili, umeiba nafasi ya tairi kupanda. Kama tairi lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kugonga mpira wa mwisho, na wewe umeshusha gari sentimita 5, umebakiwa na 3. Shimo la kwanza tu, chuma kinagonga chuma. Tatu, gari likiruka na tairi likaning'inia, springi fupi inaweza kuchomoka kwenye kikalio chake. Hapo hatuzungumzii tena resi, tunazungumzia msiba.

Shokapu nayo ina kazi ambayo wengi hawaijui. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu inazuia springi isiendelee kucheza, na inafanya hivyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto. Chukua njia yenye mawimbi kila baada ya sentimita 70, na wewe uko kwenye kilomita 60 kwa saa. Tairi linapigwa mara 24 kwa sekunde moja! Oili ndani ya shokapu inachemka, inakuwa nyepesi, inaingia povu, na baada ya muda unaendesha gari lisilo na shokapu kabisa. Tena ukikaza mno shokapu wakati wa kurudi, tairi halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi jingine kufika. Gari linazidi kudidimia mpaka linatembea bila springi. Dereva analalamika gari gumu, fundi anakaza zaidi. Kumbe dawa ilikuwa kulegeza.

Wala usidhani greda litakuokoa. Mwaka 2007 wanasayansi Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwamba gurudumu likipita juu ya mchanga kwa kasi inayozidi kiwango fulani, mawimbi yanajitokeza yenyewe, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Greda likipita leo, magari yataanza kuyajenga upya mawimbi yale yale. Kwa hiyo liandae gari lako kwa mawimbi hayo, usisubiri barabara ibadilike.

Ufanyeje basi? Anza na vilivyokufa. Gari la miaka 30 lina bushi zilizogeuka mawe, boljointi zilizolegea na vikalio vya shokapu vilivyopasuka. Ukiseti juu ya uozo huo unaseti uongo. Badilisha kwanza.

Halafu pima. Hapa ndipo Lionja inapotushinda sisi wa mjini, maana kila penye korosho pana mizani. Weka tairi moja juu ya mzani wa jukwaa, nyingine tatu juu ya mbao zenye kimo sawa na mzani, dereva akiwa ndani, uandike. Rudia kwa tairi zote nne. Utajua gari lako limeegemea wapi, na hujalipa kompyuta ya mtu.

Kisha pima springi inalala kiasi gani. Inua gari mpaka tairi linaning'inia bila springi kubeba kitu, kisha lishushe, uone tairi limepanda sentimita ngapi kwa uzito wa gari. Kwa springi ya kawaida, ikilala sentimita 11, gari litacheza kama mara moja na nusu kwa sekunde. Ikilala sentimita 6, ni mara mbili. Kwa lami laini ya uwanja ile ya pili inafaa. Kwa vumbi, ningeanzia na ile ya kwanza, gari likiwa juu, tairi likiwa na nafasi ya kupanda na ya kushuka pia. Stabilaiza ilegezwe, ili tairi la kushoto likiingia shimoni lisilivute la kulia. Alaimenti unaweza kuipima kwa uzi na futi kama huna mashine. Na upepo wa tairi uuangalie kabla ya yote, maana ndio marekebisho pekee ya bure.

Jambo la mwisho ndilo gumu kwetu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, pita kipande kile kile, dereva yule yule, saa mkononi, daftari pembeni. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, gari likiwa zuri hutajua kwa nini, na likiwa baya pia hutajua.

Najua kuna watakaosema gari chini ndiyo sayansi. Ni kweli, uzito ukiwa chini gari linakata kona vizuri zaidi, kwenye lami laini. Mwenye uwanja wa lami wa mashindano mtaani kwake ashushe kwa amani, kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Wengine watasema njia za kijiji si uwanja wa mbio. Hao nawaunga mkono kwa mikono miwili. Njia ya Lionja ni ya mama mwenye ndoo, mwanafunzi na mbuzi. Majaribio yanataka kipande kilichofungwa, kwa ruhusa ya serikali ya kijiji, watu wamejulishwa na walinzi wamesimama pande zote. Asiyeweza kulipanga hilo hajawa tayari kwa mashindano.

Ninachokiona mimi ni kwamba elimu hii tunayo tayari, ila hatuiheshimu. Fundi wa wilayani anayeongeza jani la kamani kwenye lori kabla ya msimu wa korosho anajua uzito, anajua barabara, anajua springi ikiwa ngumu mno mzigo utarukaruka na chesisi itapasuka. Huyo ni mseti wa gari. Kijana mwenye shahada na intaneti akikaa naye chini ya mwembe wiki mbili, mmoja ana hesabu, mwingine ana mkono na sikio, watatengeneza gari ambalo si wa Dar wala wa Nairobi atalidharau. Badala yake tunanakili mpangilio wa uwanja wa Ulaya kutoka kwenye video, halafu tunashangaa gari limelala uvunguni mwa kontena, springi mbovu na deni juu.

Kwa hiyo kama una kagari kako na una ndoto, grainda iweke chini kwanza. Chukua futi, daftari na mzani. Uliza ardhi inataka nini, kisha muulize fundi anayeijua ardhi hiyo. Injini utaiongezea nguvu baadaye, maana nguvu isiyofika ardhini ni kelele tu.

Naomba kuwasilisha.