Plastiki ya vioo haizuii risasi, wakaaji wa Rubaya tusidanganywe

Tangu wiki tatu sasa, hapa Rubaya kuna vijana wanaozunguka na rulo za plastiki begani. Wanaingia katika mabutiki, katika madepo ya koltani, katika vituo vya afya, hata kwenye maparokia. Kazi yao ni kubandika plastiki kwenye vioo vya madirisha. Siku ya soko wanafanya maonyesho: kioo kidogo kilichobandikwa kinapigwa kwa nyundo, kinapasuka pande zote lakini hakianguki. Watu wanapiga makofi. Ndipo kijana anatoa lile neno lililonifanya niandike leo: "Hata risasi haipiti."

Huo ni uongo, na niuite kwa jina lake. Risasi ya Kalashnikov inapita mbao za nyumba zetu, inapita matofali ya udongo, inapita mlango wa gari. Plastiki nzuri kabisa ya kazi hii ina unene wa mikroni 200, maana yake sehemu moja ya tano ya milimita. Hiyo itaizuia risasi kwa nguvu gani? Vioo vinavyozuia risasi vipo, ni vinene na vizito, vinatengenezwa kiwandani kwa tabaka nyingi, na havibebwi begani kwenye moto kutoka Goma kupita Sake na Mushaki. Mfanyabiashara aliyebandikiwa plastiki halafu akaenda kukaa nyuma ya dirisha lake siku ya milio, akiamini amelindwa, ameuziwa kifo kwa dola. Na bei yenyewe ni ya kubahatisha: jirani yangu ameambiwa dola 12 kwa metre moja, mwenzake wa butiki ya pili 20, plastiki ni ileile.

Sisemi kwamba plastiki hiyo ni takataka. Ingekuwa takataka ningecheka nikaendelea na kazi yangu ya redio. Shida ni kwamba ina kazi yake ya kweli, na kazi hiyo hakuna anayetuelezea.

Mwezi wa kwanza 2025, siku Goma ilipopiganiwa, mimi nilikuwa kule kwa dada yangu. Tulijiona wajanja: tulibandika skochi kwenye vioo, msalaba kwa msalaba, kama tulivyoona watu wakifanya. Bomu lilianguka nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukuta haukutikisika sana, bati halikutoboka, lakini kioo cha sebule kiliingia ndani kwa vipande vikubwa vilivyoshikana na skochi yetu. Mtoto wa dada alishonwa kwenye paji la uso. Kidogo tu chini, jicho lingekwenda. Tangu siku ile siamini skochi tena. Inashika kidogo pale ilipopita, kule kwingine kioo kinaruka kama kawaida, na vile vipande vilivyoshikana vinakuwa vizito zaidi.

Hiyo ndiyo hatari ambayo plastiki inaijua: kioo chenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Watu 213 walikufa, zaidi ya 4.000 waliumia. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo na milio, na watu wa maofisi ya jirani wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini. Kioo kikawakuta usoni. Wengi walipoteza macho siku ile bila kuguswa na moto wala chuma. Sisi hapa tuna tabia ileile: mlio ukisikika, wa kwanza anasimama dirishani, wa pili anauliza umeona nini.

Na karibu zaidi na Wakongomani: tarehe 4 Machi 2012 ghala la silaha la Mpila lililipuka kule Brazzaville, na vioo vilivunjika mpaka Kinshasa, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba vita viko mbali, viko kwenye kilima kile. Upepo wa mlipuko hauulizi kilima.

Sasa nirudi Nairobi, maana kuna jambo ambalo vijana wetu wa rulo hawalisemi, labda wenyewe hawalijui. Madirisha ya ubalozi ule yalikuwa yamebandikwa plastiki. Tume ya Wamarekani iliyoongozwa na amirali William Crowe iliandika katika ripoti yake ya Januari 1999 kwamba plastiki ilikuwepo, lakini fremu za madirisha hazikuwa zimefungwa imara kwenye jengo. Plastiki inashika vipande visitawanyike, ni kweli. Lakini kama haikushikamana na fremu, na fremu haikushikamana na ukuta, mlipuko unasukuma dirisha zima ndani, kioo na plastiki pamoja, kama mlango uliong'olewa. Nimezunguka mwenyewe kuangalia fremu za Rubaya. Ubao laini, misumari midogo, mastiki iliyokauka na kubanduka, mvua imeozesha kona. Unabandika plastiki ya dola 20 kwenye fremu ambayo mtoto anaweza kuing'oa kwa bisibisi! Seremala kwanza, plastiki baadaye.

Kuna na ujanja mwingine. Nilishika rulo mbili za muuzaji mmoja. Moja ilikuwa nene, safi, inaonyesha kama maji. Ya pili ilikuwa nyeusi na nyembamba, ile wanayobandika kwenye magari ya wakubwa ili jua lisiingie na watu wasionekane. Zote mbili alikuwa anaziuza kwa jina moja. Ile nyeusi inapunguza jua, basi. Ukipiga kioo chake kwa nyundo kubwa utaona. Na hata ile nene inabandikwa upande wa ndani, kwenye kioo kilichooshwa vizuri, na gundi yake inahitaji siku nyingi kukauka, wakati mwingine mpaka mwezi mzima. Anayekuambia leo jioni tayari umelindwa anatafuta tu kurudi Goma na hela zako.

Kuhusu wezi sitabishana sana. Plastiki inamchelewesha mwizi, anapiga mara tano badala ya moja, jirani anaamka. Sawa. Lakini butiki nyingi hapa zina antivoli za chuma tayari, na mlango mmoja tu. Ukiongeza plastiki kwenye kila dirisha, usiku wa moto wa makala au mshumaa utatokea wapi? Jambo hilo sikusikia likiulizwa hata mara moja katika maonyesho yote niliyohudhuria.

Hasira yangu kubwa iko pengine. Katika kituo kimoja cha afya cha eneo letu, kamati imekubali kununua plastiki. Vizuri. Nikauliza inaanzia wapi. Ofisi ya mhasibu na chumba cha dawa. Na chumba cha wamama waliojifungua? "Tutaona baadaye." Nikaingia katika chumba hicho: vitanda vimepangwa chini ya dirisha, vichwa vya wamama na watoto wachanga viko kwenye usawa wa kioo. Muuguzi akaniambia: "Bwana wa redio, vimewekwa hapo kwa sababu ya mwanga." Mwanga tunauhitaji, sikatai. Lakini sanduku la hela kulindwa kabla ya mtoto wa siku mbili, hilo siwezi kulisoma kwenye redio kwa sauti ya kawaida.

Watanijibu kwamba pesa hazitoshi vyumba vyote. Ndiyo maana nasema pesa zisianze na plastiki. Kusogeza kitanda metre mbili hakuna bei. Pazia zito la kitenge cha zamani linapunguza vipande vinavyoruka. Shata za mbao za kufunga kwa nje, seremala yeyote wa hapa anazitengeneza kwa siku moja. Shule zinazojengwa upya ziache vioo kwenye madarasa ya watoto, madirisha ya mbao ya wazee wetu hayajawahi kumkata mtu. Baada ya hayo, plastiki nene iwekwe pale ambapo kioo hakiwezi kuepukika, fremu ikiwa imekazwa, na muuzaji aandike kwenye risiti unene wa bidhaa yake na neno hili: haizuii risasi. Atakayekataa kuandika, mnajua cha kufanya na rulo yake.

Juzi nilirudi kwenye kile kituo. Kamati bado haijakutana tena. Muuguzi na wagonjwa wawili wanaoweza kutembea walikuwa wamesogeza vitanda vinne wenyewe, viwili vimebaki kwa sababu chumba ni kidogo.